Silali nikikumbuka leba ya kwanza: nitaiendeaje ya pili?

Swali: Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 27, mimba yangu ni ya pili, sasa ina wiki 31. Ya kwanza nilijifungua miaka minne iliyopita. Niliingia leba saa moja usiku, ndugu zangu wakaambiwa warudi nyumbani, nikabaki peke yangu mpaka alfajiri. Nilipolia niliambiwa, "Wakati unaitafuta hii mimba mbona hukulia?" Mtoto alitoka salama, mimi nikashonwa huku nikihisi kila sindano. Nilidhani nimeshasahau. Tangu mimba hii ifike miezi sita, nikipita ile barabara ya hospitali moyo unanienda mbio na viganja vinaloa jasho. Usiku naota niko kwenye kile kitanda. Mume wangu sijamwambia. Mama mkwe anasema kuzaa ni kuzaa tu, wao walizaa shambani na wakaendelea kulima. Naogopa maumivu, naogopa wale watu, mara nyingine naogopa nitakufa nimwache mwanangu. Nifanye nini kichwa kitulie kabla siku haijafika? Au niombe nipasuliwe tu, yaishe?
Mama wa Mmoja, Morogoro

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza pole. Najua ulipotoka leba ulipewa hongera nyingi, na "pole kwa uchungu" za hapa na pale, ukaletewa mtori na khanga mpya. Lakini pole ya kuachwa peke yako usiku kucha hakuna aliyekupa, kwa sababu hakuna aliyejua. Mtoto mzima, mama mzima, watu wakaona mambo yameisha. Wewe ukanyamaza na kidonda chako miaka minne. Kwa hiyo pole hiyo naitoa leo, kabla sijasema jambo lingine lolote.

Yanayokupata sasa hayana uhusiano na ulegevu, wala imani ndogo, wala kudeka. Mwili wako uliwahi kuwa kwenye hatari, au ulihisi uko kwenye hatari, na hapakuwa na mtu wa kukuambia vinginevyo. Mwili ukaandika mahali pale, harufu ya dawa ile, rangi ya shuka ile, kuwa ni mambo ya kukimbia. Mimba ya pili ilipokua, ukaanza kuukumbusha: tunarudi kule. Ndipo moyo unapoenda mbio barabarani hata kama siku hiyo unakwenda sokoni tu. Hali hii tunaiona kwa wanawake wengi waliopata uzazi mgumu, na mara nyingi huamka miezi ya mwisho ya mimba inayofuata. Na ndoto zako, nakuomba sana, usizisome kama taarifa ya yanayokuja. Zinarudia yaliyopita. Kile kitanda unachokiota ni cha miaka minne nyuma.

Ngoja nikuambie jambo langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa zamu ya usiku, wakunga wawili, wazazi kumi na mmoja. Binti mmoja wa miaka kama 19 alikuwa ananiita, "Nesi, nesi," kila baada ya dakika mbili. Nilimpima, nikaona bado ana safari ndefu, nikamwambia, "Nyamaza, wewe si wa kwanza kuzaa." Akanyamaza kweli. Nilikwenda kwa mama aliyekuwa anatoka damu, nikachelewa huko, na niliporudi nilikuta kichwa cha mtoto kimeshatokeza. Yule binti alikuwa amejaza pindo la khanga mdomoni, ameliuma mpaka limetoboka, anasukuma kimya kimya kwa sababu nilimwambia anyamaze. Mtoto alilia vizuri, damu haikuwa nyingi. Kwenye kitabu cha wodi niliandika kwamba uzazi ulikuwa wa kawaida. Yule mama hakunitazama usoni mpaka alipoondoka.

Nimezalisha wengi tangu usiku ule, na lile pindo la khanga ndilo lililonifundisha kazi. Nakusimulia ili ujue, kutoka kwa mtu aliyewahi kusimama upande ule mwingine, kwamba uliyotendewa yalikuwa makosa. Uchovu unaeleza kwa nini yanatokea, lakini hauyahalalishi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la wazi dhidi ya matusi, dharau na kutelekezwa kwa akina mama wanaojifungua vituoni, likasema kila mwanamke ana haki ya kuhudumiwa kwa heshima. Hukuwa msumbufu, mdogo wangu. Ulikuwa mzazi aliyeita msaada.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umenitajia hofu tatu kwa pumzi moja: ya kufa, ya maumivu, ya watu. Usiku zinakuja zote kwa pamoja ndiyo maana zinaonekana jitu moja lisilo na kichwa wala miguu. Tuzitenganishe, maana kila moja ina dawa yake.

Hofu ya kufa. Sitakuambia usiiwaze, kwa sababu wahenga wetu wenyewe wanasema mzazi yuko mguu mmoja duniani na mmoja kaburini, na umekua ukisikia hivyo. Ila tazama hali ilivyo sasa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta Tanzania vifo vya akina mama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015-16 ulikuta 556. Maana yake katika wanawake elfu moja wanaojifungua, takriban mmoja ndiye tunayempoteza. Hata huyo mmoja ananiuma. Lakini usiku hofu yako inakuonyesha kama vile uwezekano ni nusu kwa nusu, na sivyo.

Halafu hofu hii ni mfanyakazi mzuri ikipewa kazi. Kinachoua wazazi kwa kiasi kikubwa ni kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi, na kuchelewa. Basi ipe kazi hizo: hakikisha kila ukienda kliniki presha inapimwa na mkojo unapimwa, wingi wa damu unaangaliwa, vidonge vya kuongeza damu unameza. Tafuta ndugu wawili wenye afya watakaokuwa tayari kuchangia damu, uwaambie mapema. Weka nauli ya usiku mahali ambapo hata mumeo akiwa safarini unaipata. Andika namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, haina malipo. Na zile dalili za kutosubiri asubuhi: damu ukeni, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza, maji kumwagika. Ukishakuwa na hayo mkononi, wazo la kufa likija saa nane za usiku una la kulijibu.

Hofu ya maumivu inahitaji maelezo zaidi kidogo. Miaka ya 1930 daktari mmoja Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliandika kuhusu mzunguko aliouona kwa wazazi: woga unakaza mwili, mwili uliokazwa unauma zaidi, na maumivu yanaongeza woga. Yapo mambo mengi katika mafundisho yake ambayo sikubaliani nayo, maana alifika mahali pa kuonekana kama anasema mwanamke asiyeogopa hataumia, na hilo si kweli. Utaumia. Ila mzunguko wenyewe nimeuona kwa macho yangu mara nyingi. Homoni inayosukuma uchungu, oksitosini, hutiririka vizuri mwanamke akiwa ametulia na anajisikia salama. Adrenalini, ile ya kukimbia simba, huizuia. Ndiyo maana wazazi wengi uchungu unakuwa mkali nyumbani, wakifika mapokezi na kukaripiwa unapoa.

Kuna hesabu moja ninayopenda kuwafanyia wazazi. Uchungu ukishachanganya, tuseme kila baada ya dakika nne unakuja, unakaa kama dakika moja. Ndani ya saa nzima ni dakika 15 za maumivu na 45 za kupumzika. Mzazi mwenye hofu anazitumia zile 45 kuusubiri uchungu unaofuata, mabega juu, meno yameumana, kwa hiyo anaumia saa nzima. Kazi ya kujiandaa ni kuzirudisha zile 45 mikononi mwako.

Unazirudisha kwa mazoezi, na mazoezi yanaanza leo. Chukua barafu, zile za mfuko zinazouzwa mtaani, ishike kiganjani dakika moja kwa saa. Itauma, hasa baada ya sekunde ishirini. Mara ya kwanza ishike huku umebana pumzi na kukunja ndita, uone dakika inavyokuwa ndefu. Pumzika. Mara ya pili, vuta pumzi puani taratibu, kisha itoe kwa mdomo polepole zaidi ya ulivyoivuta, kama unapoza uji, mabega yashuke, taya lilegee. Barafu ni ile ile na ubaridi ni ule ule, ila utashangaa. Fanya hivyo kila jioni, mara tatu, mumeo akishika saa. Wiki tisa ulizobaki nazo zinatosha kabisa kwa mwili kujifunza kwamba maumivu yakija kinachofuata ni kutoa pumzi.

Sauti nayo usiinyime njia. Sauti nzito ya chini, "ooo" inayotoka tumboni, inalegeza mwili, wakati ukelele wa juu kooni unaukaza. Wapo wanaotumia dhikri, wapo wanaotumia mstari mmoja wa zaburi au pambio, neno moja kila pumzi inapotoka. Nimewasikia wa dini zote mbili chumba kimoja, kila mmoja na lake, na niseme kweli hakuna dawa ya hofu niliyoiona ikifanya kazi haraka kama ile. Tembea. Chuchumaa, egemea dirisha, piga magoti, muombe msindikizaji akukande kiuno kwa kiganja wakati wa uchungu. Kulala chali hakukupi lolote.

Na usihesabu sentimita. Zamani tulifundishwa kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa, mzazi akichelewa tunamwona ana tatizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 umeliacha hilo. Sasa uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia sentimita tano, na kwa aliyekwisha kuzaa kwa kawaida hauzidi saa kumi kutoka hapo. Uzazi wa pili mara nyingi huenda haraka kuliko wa kwanza, maana njia imeshapitwa. Ukikawia, kuna sababu za kitabibu: mtoto amelalaje, uchungu una nguvu kiasi gani, nyonga. Yale maneno ya kwamba uchungu unakawia kwa sababu mzazi alitoka nje ya ndoa, mpaka aungame majina, ni uongo mtupu. Yamewaumiza wanawake waliokuwa hoi kitandani, na mtu akikuletea usimpe nafasi. Pia usinywe dawa za miti za kuharakisha uchungu, hata akikupa mtu unayempenda. Hakuna ajuaye kipimo chake, na mji wa mimba wenye uchungu wa kupita kiasi unaweza kupasuka.

Sasa hofu ya watu. Hii nadhani ndiyo mama wa zile mbili, kwa jinsi ulivyoandika. Maumivu umeyataja kwa neno moja. Kuachwa peke yako umekueleza saa kwa saa.

Mama mkwe wako anasema walizaa shambani. Usibishane naye. Siku moja mnachambua mchicha, muulize kwa utulivu: "Mama, siku ile nani alikuwa na wewe?" Ninakuhakikishia atakutajia watu. Kulikuwa na mama yake au bibi, kulikuwa na jirani aliyekaa nyuma yake amemkumbatia mgongo, mwingine akichemsha maji, mwingine akimfuta jasho na kumtania apate kucheka. Nimewauliza wazee wengi swali hilo, Uluguru, Upare, hata Pemba, na kila mmoja ana majina. Walikosa mambo mengi ambayo wewe unayo, walikosa damu ya kuongezewa, dawa, upasuaji, na wengi wao hawakurudi kusimulia. Lakini hawakuzaa peke yao. Tulipouhamisha uzazi kwenda hospitali, tuliwaokoa wengi, na kwa bahati mbaya yule wa kukaa nyuma ya mgongo tukamwacha getini.

Sasa tunamrudisha. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka 2017 yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, upasuaji ulipungua, na wachache zaidi walitoka wakiwa na kumbukumbu mbaya. Mwongozo ule wa 2018 unapendekeza kila mzazi awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Hapa kwetu, Kigoma walilijaribu kuanzia 2016 kupitia shirika la Thamini Uhai katika vituo vya serikali, wasindikizaji wakaingia leba na kazi haikuharibika. Kwa hiyo ukiomba msindikizaji huombi anasa, wala huigi mambo ya kwenye tamthilia.

Uliza mapema, kliniki ijayo: "Hapa mnaruhusu msindikizaji leba?" Vituo vinatofautiana. Pale ambapo vitanda vimepangana bila pazia, mara nyingi mwanamume haruhusiwi, kwa sababu ya staha ya wengine, na hilo lina haki yake. Basi awe mwanamke. Nakuomba umchague kwa tabia, undugu baadaye. Usimchukue mtu kwa sababu ni mkubwa wa ukoo au kwa sababu atanuna akiachwa. Mtu anayefaa ni yule ambaye wewe ukilia yeye halii, hasemi sana, hana simulizi za fulani aliyefia leba, anaweza kukaa saa nane bila simu, na anajua kusema na wahudumu kwa adabu bila kunyenyekea kupita kiasi. Kwa wengine huyo ni dada, kwa wengine ni wifi, nimemwona hata mwalimu wa zamani. Mweleze yote yaliyokupata mara ya kwanza, na mfanye naye zoezi la barafu, ili siku ile akikushika mkono na kusema "toa pumzi," mwili wako uijue sauti yake.

Kama kituo chako kinakataa kabisa, bado una wiki za kutosha kuangalia kingine kinachofikika. Hakuna sheria ya kukulazimisha urudi kwenye jengo lile lile. Kama ndicho hicho pekee, basi omba ukitembelee kati ya wiki ya 34 na 36. Hospitali moja kubwa ya rufaa Dar es Salaam iliwahi kuweka siku maalumu za wajawazito kuja kuiona leba kabla ya wakati wao, wakaongea na wakunga, wakauliza maswali. Wewe nenda mchana, na huyo msindikizaji wako. Simama mlangoni. Moyo utaenda mbio, uache uende, toa pumzi kama kwenye barafu, kaa mpaka utulie ndipo utoke. Ukitoka ukiwa bado umepaniki, mwili utaandika tena kuwa pale ni pa kukimbia. Ukitoka umetulia, umeufundisha jambo jipya. Ikibidi rudi mara ya pili.

Kisha andika karatasi ndogo, uibane ndani ya kadi ya kliniki mahali ambapo mtu akifungua anaiona. Isiwe ndefu, mkunga wa zamu hana muda wa barua. Sentensi tatu: "Uzazi wangu wa kwanza niliachwa peke yangu, nina hofu sana. Naomba niambiwe kabla ya kila kipimo. Naomba ganzi kabla ya kushonwa, na mnisubiri ishike." Hiyo ya ganzi isisitize. Kushona bila ganzi mtu anayehisi ni kosa la kitabibu, na kama uliambiwa hakuna haja kwa sababu pameshakufa ganzi, ulidanganywa. Mimi nikifungua kadi nikakuta karatasi ya namna hiyo, mikono yangu yenyewe inapunguza kasi.

Ukifika leba, muulize mkunga jina lake, umwambie lako. "Dada, unaitwa nani? Mimi ni fulani, nina hofu." Jambo dogo, lakini ni vigumu sana kumfokea mtu aliyekuita kwa jina. Na ikitokea mtu akapandisha sauti, usijibu wewe, wewe una kazi yako. Msindikizaji ndiye aseme: "Dada, anakusikia, mwambie tu afanye nini." Mara nyingi inatosha. Isipotosha, aombe kuonana na msimamizi wa zamu.

Sasa mume wako. Nilipofika kwenye yale maneno matatu, "mume wangu sijamwambia," nilisimama. Miaka minne mnalala kitanda kimoja, unaamka unatetemeka, anadhani ni joto la Morogoro. Mwambie wiki hii, mtoto akishalala, taa mkizima kama ni rahisi kusema gizani. Usianze kwa kumwomba kitu wala kwa kumlaumu alikuwa wapi, aliambiwa arudi nyumbani akarudi. Anza na usiku ule ulivyokuwa, tangu saa moja mpaka alfajiri, mpaka mwisho, hata ukilia. Wanaume wengi ambao wake zao wamewasimulia hivi nimewaona wakija kliniki wamebadilika, wanauliza maswali ambayo hawakuwahi kuuliza. Na jambo likishasimuliwa lote mara moja kwa mtu anayesikiliza, hupungua uzito. Yeye ndiye atakayeshika saa ya barafu, atakayejua nauli iko wapi, na hata kama hataingia leba, atajua kwa nini msindikizaji wako lazima aingie.

Umeuliza kuhusu kupasuliwa. Nakuelewa, na siwacheki wanaoomba hivyo. Upasuaji ukihitajika ni uhai, na mwanamke aliyepasuliwa amezaa kama mwingine yeyote. Lakini ukiniuliza kama ni dawa ya hili lako, nasita. Ni operesheni kamili ya tumbo. Damu inayopotea ni nyingi zaidi, hatari ya maambukizi ipo, kupona kunachukua wiki kadhaa huku una mtoto mdogo na mkubwa wa miaka minne, na kovu linabadilisha hesabu ya kila mimba itakayofuata. Wewe ulishazaa kwa njia ya kawaida, na hilo ni jambo jema kwako mwilini. Zaidi ya hayo, unachoogopa ni kuachwa na kufokewa, na watu wanaachwa na kufokewa hata kwenye wodi ya upasuaji. Basi fanya hivi: ongea na daktari sasa, mwambie ukweli kwamba sababu ni hofu, msikilizane. Kama ifikapo wiki ya 36, umefanya mazoezi, umemwambia mumeo, umepata msindikizaji, na bado hofu haijashuka hata kidogo, lizungumzeni tena bila aibu. Ila usilikate saa nane usiku, peke yako.

Kuna jambo moja nataka ulichunguze kwa makini, kwa kuwa umesema hulali. Kukosa usingizi mimba ikiwa kubwa ni kawaida. Lakini kama wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, hata mwanao akikuchekea huhisi kitu, hutaki kula, unajiona mzigo, unalia bila sababu, hiyo ni sonona na inatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 katika kila 100 wanapata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Kuna dodoso la maswali kumi, lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, tunalitumia kupima kama mama ana dalili za sonona, halichukui hata dakika kumi. Muombe mkunga au daktari akuulize. Na wazo la kujidhuru, likija hata mara moja, usisubiri siku ya kliniki: mwambie mumeo siku hiyo hiyo mwende hospitali. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa usinunue. Zipo dawa zinazofaa kwa mjamzito, lakini ni za kuandikiwa.

Ukishajifungua, siku za mwanzo unaweza kulia hata kama mambo yote yamekwenda vizuri. Maziwa yanaingia, homoni zinashuka, machozi yanakuja. Hayo huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, rudi kwenye yale maswali kumi.

Kliniki yako inayofuata, kama umepangiwa kawaida, iko karibu wiki ya 34. Nenda na msindikizaji wako, karatasi iko kwenye kadi. Ukishapimwa tumbo, kabla hujashuka kitandani, mwambie mkunga: "Dada, nina jambo la kukueleza kuhusu uzazi wangu wa kwanza." Pengine foleni ni ndefu nje na atakuambia usubiri kwenye benchi mpaka wamalize. Subiri.